George Farquhar, Mwairishi aliyeitoa komedi sebuleni London akaipeleka sokoni Shrewsbury

Kalamu Butu

Wakuu, salaam. Humu jukwaani ikitajwa tamthilia ya Kiingereza basi ni Shakespeare asubuhi, Shakespeare jioni. Sina ugomvi naye, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa akamtafsiri. Ila leo naomba tumzungumzie mtu mwingine kabisa: George Farquhar, Mwairishi, aliyefariki mwaka 1707 akiwa na miaka kama thelathini tu. Aliacha tamthilia nane, ukihesabu na moja fupi aliyoandika na mwenzake. Mbili za mwisho zinachezwa mpaka leo, na mimi ni katika wanaoamini hizo mbili zinamweka mbele ya watu kadhaa waliokuwa na majina makubwa kumzidi.

Kwa wasiokijua kipindi chenyewe: mwaka 1642 Bunge la Uingereza lilifunga majumba ya maigizo, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Mwaka 1660 mwanawe, Charles II, akarudishwa kwenye kiti. Ndiyo maana kipindi kinaitwa Urejesho. Alirudi na mapenzi ya maigizo, majumba yakafunguliwa, na wanawake wakaanza kupanda jukwaani kuigiza nafasi za kike ambazo zamani walipewa wavulana waliovalishwa magauni. Hapo ikazaliwa aina ya komedi yenye ulimi mkali na aibu kidogo sana: mabwana wa London wasio na kazi wanawinda wake za watu na wajane wenye mali, mume mwenye wivu anachekwa, mshamba kutoka shamba anachekwa zaidi. Akina Etherege na Wycherley walifanya kazi hiyo vizuri mno.

Farquhar alizaliwa Londonderry, kaskazini mwa Ireland, takriban mwaka 1677, mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Mji huo ulizingirwa na jeshi la mfalme James kwa siku 105 mwaka 1689, watu wakafa njaa ndani ya kuta, kwa hiyo kijana alikua akijua vita si hadithi. Wapo waliosimulia kwamba alipigana vita vya Boyne mwaka 1690. Angekuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Mimi hiyo naiacha kwa waliosimulia.

Mwaka 1694 akaingia Trinity College, Dublin, lakini si kama mtoto wa tajiri. Aliingia katika daraja la wanafunzi waliopunguziwa gharama kwa sharti la kufanya kazi za utumishi chuoni. Likumbukeni hilo, maana baadaye tutakutana na mabwana wanaojigeuza watumishi. Hakumaliza. Akaacha vitabu akaenda kuigiza kwenye jumba la Smock Alley, na hapo akapata rafiki wa maisha, mwigizaji Robert Wilks.

Uigizaji wenyewe uliisha kwa balaa. Walikuwa wakicheza tamthilia ya Dryden, The Indian Emperor, na yeye ndiye aliyetakiwa kumuua mwenzake kwa upanga. Akasahau kubadilisha silaha. Akaingia jukwaani na upanga wa kweli badala ya ule butu wa maigizo, akamchoma mwenzake kisawasawa. Yule mtu aliumia vibaya, Farquhar akatikisika, akaapa hatapanda tena jukwaani. Wilks akamshauri: wewe una maneno, nenda London ukaandike. Akaenda.

Desemba 1698 tamthilia yake ya kwanza, Love and a Bottle, ikachezwa Drury Lane, jumba la maigizo la London. Mhusika mkuu ni Roebuck, kijana mkorofi kutoka Ireland ambaye ndio kwanza ametia mguu London hana kitu. Sitaikalia, ni kazi ya mtu anayejifunza. Iliyomtoa ni The Constant Couple, mwishoni mwa 1699. Wilks naye alikuwa amehamia London, akacheza Sir Harry Wildair, tajiri mchangamfu asiyeweza kukasirika, ambaye kwa fitina ya mnafiki mmoja anaingia nyumba ya familia yenye heshima akidhani ni danguro, na anazungumza na binti wa nyumba kama mteja anayetaka kujua bei. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Ilichezwa zaidi ya mara hamsini msimu ule London, idadi ambayo kwa wakati huo ilikuwa kama kichaa. Humo humo yumo Kanali Standard, askari aliyeachishwa kazi baada ya amani ya 1697 na sasa hajui ale nini. Wengi wanamkumbuka Wildair. Mimi namkumbuka kanali, maana ndiye anayetuonyesha Farquhar anakokwenda.

Ngoja nipate chakula, nitarudi na sehemu ya jeshi.

Chumvi ya Bahari

Nimetandika mkeka hapa. Shusha vitu, mkuu.

Bwana Tarumbeta

Mkuu, uzi mzuri, ila nina swali la hesabu. Charles II alikufa 1685. Baada yake James, naye akafukuzwa 1688, akaja William. Huyu jamaa yako anaanza kuandika 1698, miaka karibu arobaini tangu huo Urejesho. Tunamwitaje mtu wa Urejesho? Hiyo ni sawa na kumwita kijana wa leo mpigania uhuru.

Kalamu Butu

Hahaa, umenibana, na una haki. Wanaoandika historia ya tamthilia huivuta kamba hiyo mpaka karibu 1710, kwa sababu akina Congreve, Vanbrugh na Farquhar bado walikuwa wakitumia vifaa vilevile: mabwana vijana, mahari, barua zinazofika mkono usio wake, watu kujificha kabatini. Kwa hiyo yeye ni mtu wa mwisho mwisho, aliyefunga mlango.

Lakini swali lako linagusa jambo kubwa zaidi. Mwaka huohuo 1698 kasisi mmoja, Jeremy Collier, alitoa kitabu cha kuushambulia ukumbi wa maigizo: matusi, kukufuru, makasisi kudhihakiwa, wazinzi kupewa wake wazuri na utajiri mwisho wa mchezo. Kitabu kilitikisa. Watazamaji nao walikuwa wamebadilika, wafanyabiashara na wake zao wamejaa ukumbini, si watu wa ikulu peke yao. Congreve alitoa The Way of the World mwaka 1700, tamthilia iliyosukwa kwa ustadi wa ajabu, ikapokelewa kwa ubaridi, naye hakuandika tena komedi nyingine. Farquhar alikuwa na miaka ishirini na kidogo, anahitaji hela, hana anasa ya kususa. Ikabidi atafute njia ya kuchekesha bila ile sumu ya zamani. Wahusika wake wahuni wana moyo. Wengine wanaliona hilo ni udhaifu, kwamba alipunguza makali. Kwangu mimi ndipo utamu ulipo.

Binti Kasiga

Salaam kaka Kalamu. Mimi nataka kujua huo Uairishi wake. Kasisi wa Kianglikana, Londonderry, Trinity... hiyo ni jamii ya walowezi Waprotestanti waliokalia ardhi ya Waairishi Wakatoliki. Je, aliandika kama Mwairishi au kama Mwingereza aliyezaliwa ng'ambo?

Kalamu Butu

Dada Binti, hapo pana mfupa. Ni kweli, kwa asili alikuwa upande wa walioshinda. Ila ukifika London na lafudhi ya Dublin, walioshinda nao wanakuona wa kuja. Roebuck wake anachekwa kwa kuwa Mwairishi na anawajibu vilevile. Hilo ni zuri.

Baya ni kwamba Farquhar alijua Mwairishi mjinga anauza tiketi, akamuuza. Kwenye The Twin Rivals ya 1702 kuna mtumishi Teague, na kwenye tamthilia yake ya mwisho kuna padri Foigard anayejidai ni Mbelgiji kumbe ni Mwairishi MacShane, na kinachomuumbua ni matamshi yake mwenyewe. Ukumbi wa London ulikufa mbavu. Haki ya Mungu, ukisoma leo unacheka huku unajisikia vibaya. Congreve alilelewa Ireland, akasoma Kilkenny na Trinity, lakini kwenye tamthilia zake huwezi kumjua alikotoka. Farquhar aliileta Ireland jukwaani, ila mara nyingi aliileta kama kichekesho. Simtetei.

Mzee wa Kona

Vijana mnaniburudisha. Mwandishi wa uzi, umesahau mambo ya yule binti wa baa.

Kalamu Butu

Shikamoo mzee. Sijasahau, nilikuwa naweka akiba. Mwaka 1699 Farquhar aliingia kula kwenye Mitre, baa ya St James's Market, iliyokuwa ya shangazi wa binti mmoja wa miaka kumi na sita hivi. Kutoka chumba cha nyuma akasikia sauti inasoma tamthilia ya Beaumont na Fletcher, The Scornful Lady, kwa namna iliyomfanya aache sahani yake. Alikuwa Anne Oldfield. Habari zikamfikia Vanbrugh, binti akapelekwa Drury Lane. Miaka michache baadaye alikuwa mwigizaji wa kike mkubwa kuliko wote London, na alipofariki 1730 alizikwa Westminster Abbey. Yeye ndiye aliyecheza wanawake wawili wakuu wa tamthilia za mwisho za Farquhar. Yaani jamaa aliwaandikia watu aliowajua sauti zao: Wilks na Oldfield.

Kalamu Butu

Haya, sehemu ya pili.

Baada ya The Constant Couple mambo yakamwendea kombo. Mwendelezo wake, Sir Harry Wildair, haukushika. The Inconstant ilitokana na kazi ya Fletcher. The Twin Rivals, hadithi ya pacha mwovu anayetaka kumpora kaka yake urithi, ilianguka kabisa. Wakati huohuo akatoa kitabu cha barua na mashairi, ndani yake mna insha kuhusu komedi ambayo naipenda kuliko baadhi ya tamthilia zake. Wasomi wa wakati ule walidai tamthilia ifuate kanuni za Aristotle: mahali pamoja, siku moja, tukio moja. Farquhar akasema kwa maneno mengine: Aristotle hajawahi kukaa Drury Lane. Komedi ya Kiingereza itapimwa na watazamaji wa Kiingereza, kuanzia waliokaa chini mpaka waliobanana juu kabisa, kwa kuwa wao ndio wenye tabia zinazotakiwa kurekebishwa. Akaieleza komedi kuwa ni kisa kilichosukwa vyema na kusimuliwa vyema ili kibebe onyo au ushauri.

Mwaka 1703 akaoa. Mke alikuwa Margaret Pemell, mjane mwenye watoto. Wasimulizi wa karne ile wanasema mama huyu alimpenda mno, akaeneza habari kwamba ana utajiri, Farquhar akaoa, kisha akakuta hakuna kitu. Na wanaongeza kwamba hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Ikiwa ni kweli, basi mtu aliyejipatia riziki kwa kuandika mabwana wanaowinda wanawake wenye mali alinaswa kwa mtego wake mwenyewe.

Njaa ikampeleka jeshini. Mwaka 1704 akawa luteni katika kikosi cha Earl wa Orrery, wakati Uingereza iko kwenye vita vikubwa na Ufaransa na imetoka kushinda Blenheim. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji ya mbali kuandikisha askari. Akapita Lichfield, akapita Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales. Na huko ndiko alikopata alichokuwa akikitafuta.

The Recruiting Officer ilichezwa Drury Lane tarehe 8 Aprili 1706. Pazia linafunguka, hatuko sebuleni kwa bibi wa London. Tuko sokoni Shrewsbury. Ngoma inapigwa, Sajini Kite anawahubiria washamba: yeyote aliyechoshwa na bwana mkali, mke mkorofi au baba bahili, aje kwangu. Bosi wake ni Kapteni Plume, na ana mbinu yake: anawatongoza wasichana wa kijiji ili wapenzi wao wamfuate jeshini. Amezaa na msichana mmoja, basi anamwamuru Kite amuoe. Kite anasema ana wake watano tayari, Plume anasema ongeza. Na yule mtoto mchanga anaingizwa kwenye orodha ya jeshi kama askari aliye likizo. Askari hewa, wakuu, mwaka 1706!

Kuna eneo wanaume wawili wa shamba wanaleweshwa, Kite anawapa zawadi ya picha ya malkia. Picha yenyewe ni sarafu ya dhahabu. Wakishaipokea, wameshika hela ya malkia, wameandikishwa. Wanalia, Plume anajifanya kuwatetea, anamfokea na kumchapa Kite kwa hila yake, kisha anawabembeleza kwa maneno matamu mpaka wanakubali wenyewe. Huyu mwandishi hakusimuliwa mbinu hizi. Alizitumia.

Bwana Tarumbeta

Hapo ndipo ninapopinga. Mwandishi ni afisa wa jeshi, anaandika mchezo ambao afisa mlaghai ndiye shujaa, mwisho anapata binti wa hakimu na mali. Watu maskini wanapelekwa kufa vitani Flanders huku ukumbi unacheka. Hii ni tangazo la jeshi lenye nyimbo.

Binti Kasiga

Bwana Tarumbeta, nimeisoma hii chuoni. Nenda kwenye eneo la mahakama, sehemu ya tano. Sheria ya wakati ule iliwapa mahakimu uwezo wa kumkabidhi jeshini mtu yeyote asiye na kazi halali inayoonekana. Analetwa mtu ana mke. Mahakimu wanauliza anaishi kwa kazi gani. Anachimba makaa ya mawe. Kite anasimama, anasema huyu hana kazi inayoonekana, maana kazi yake iko chini ya ardhi! Na mahakimu wenyewe wamekaa pale na kapteni aliye rafiki yao, wamekula naye. Mke wa mchimbaji ana mimba, anawajibu kwa ukali bila kuwaogopa. Huwezi kuniambia mtu aliyeandika hayo hakujua anachokifanya. Ameonyesha mashine yote ya dola jinsi inavyomsaga mtu, akaiweka kwenye mzaha ili ipite.

Kalamu Butu

Dada umemaliza. Ila Tarumbeta hajakosea kabisa. Plume mwisho anaacha uandikishaji, anamwachia Kapteni Brazen, mwandikishaji mwenzake, wale vijana ishirini aliowakusanya, na yeye anaoa. Wale ishirini hatuwasikii tena. Farquhar aliwapenda watu wa Shrewsbury, kitabu chenyewe amekiweka wakfu kwa marafiki wote wa pande zile, lakini alikuwa afisa na alikula kwa kazi hiyo. Mambo yote mawili yamo ndani ya tamthilia na hayapatani. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, aliliona hilo. Mwaka 1955 aliichukua akaigeuza kwa kikundi chake cha Berlin, akaihamishia kwenye vita vya uhuru wa Marekani, na mle hakuna tena utani na jeshi.

Binti Kasiga

Na Silvia msimruke. Binti wa hakimu, anavaa suruali, anajiita jina la kiume, anakwenda kumpima Plume mwenyewe, mpaka anafikishwa mbele ya baba yake aandikishwe kama askari, na baba hamtambui. Oldfield alicheza. Watazamaji wa kiume walikuja kuangalia miguu, hilo linajulikana, lakini mwandishi amempa Silvia akili kuliko wanaume wote wa pale.

Chumvi ya Bahari

Kumbe waigizaji wa kike kuvaa suruali kulikuwa na soko?

Kalamu Butu

Soko kubwa. Peg Woffington, binti wa Dublin, mwaka 1740 alicheza Sir Harry Wildair mwenyewe, nafasi ya kiume kabisa, London ikajaa. Watu walisema hakuna mwanamume aliyeiweza kama yeye tangu Wilks.

Sasa sehemu ya mwisho, na ni ya huzuni.

Mwishoni mwa 1706 Farquhar alikuwa mgonjwa na hana hela. Masimulizi ya zamani yanasema mkubwa mmoja alimwahidi cheo, akauza nafasi yake ya uluteni ili kulipa madeni, ahadi ikayeyuka. Wilks hakumwona ukumbini kwa muda, akamtafuta, akamkuta amejificha kwenye chumba cha kupanga. Akamwuliza kwa nini haandiki. Farquhar akajibu mtu ataandikaje vichekesho akiwa katika hali hii? Wilks akampa gini 20, sarafu za dhahabu, akamwambia lete tamthilia. Aliandika kwa wiki sita akiwa kitandani. Mchapishaji Bernard Lintot alimlipa pauni 30 kwa haki ya kuichapa. Tarehe 8 Machi 1707 The Beaux' Stratagem ikafunguliwa kwenye jumba jipya la Haymarket. Tarehe 29 Aprili akafariki, akazikwa St Martin-in-the-Fields. Utaratibu wa wakati ule, mwandishi hakulipwa kwa usiku wa kwanza. Mapato ya usiku wa tatu ndiyo yalikuwa yake. Kwa hiyo alikufa akiisikia tamthilia yake ikishangiliwa, lakini hela zake hazikumfaa kwa muda mrefu.

Alimwachia Wilks barua fupi. Anamwita Bob, anamwambia hana cha kumwachia kama kumbukumbu ila mabinti wawili wasio na msaada, awatazame mara moja moja na amkumbuke mtu aliyekuwa wake mpaka dakika ya mwisho.

Mzee wa Kona

Wilks ni rafiki. Tuliobahatika kuwa naye mmoja wa namna hiyo tunajua thamani yake. Hebu sasa tueleze hiyo ya mwisho inahusu nini.

Kalamu Butu

Mzee, ni ya nyumba ya wageni Lichfield. Mabwana wawili waliofilisika, Aimwell na Archer, wamebakiwa na pauni 200. Wameamua wazunguke miji ya mikoani wakitafuta mwanamke mwenye mali. Kila mji mmoja anakuwa bwana, mwingine anajifanya mtumishi wake, kisha wanabadilishana. Mwenye nyumba ya wageni, Boniface, anashirikiana na majambazi wa barabarani, na akiona hela zao anajua tu hawa ni wezi wenzake. Binti yake Cherry anamwona Archer, naye anajua huyu si mtumishi hata kidogo. Nyumba kubwa ya pale ni ya Lady Bountiful, bibi anayetibu kijiji kizima kwa dawa za kienyeji, kwa hiyo Aimwell anajitia kuzimia mlangoni kwake ili aingizwe ndani. Vichekesho vyote hivyo viliandikwa na mtu anayekufa.

Lakini kiini ni Bibi Sullen. Mwanamke wa London mwenye akili, ameolewa na bwana shamba anayerudi usiku wa manane amelewa, anajitupa kitandani kama gogo. Hawachukiani kwa kosa moja. Wamechukiana kwa kuwa hawana hata neno la kuzungumza. Maelezo yake ya jinsi mume anavyoingia chumbani akijigonga meza na kukoroma ni kichekesho, halafu ukitulia unaona ni kilio.

Binti Kasiga

Na ndipo tunapofika kwenye mwisho wake. Wanaachana jukwaani, kwa makubaliano, mume na mke wanasema wazi kwamba hawaelewani katika lolote isipokuwa kuachana. Kisheria haikuwezekana! Mahakama za kanisa ziliweza kuwatenganisha kitanda na meza tu, hakuna kuoa tena. Talaka kamili ilihitaji sheria maalum ya Bunge, kama ile ya Duke wa Norfolk mwaka 1700, na hiyo ni ya mtu mwenye hela za kutisha na mke aliyethibitika kuzini. Mwanamke kama Bibi Sullen hakuwa na mlango.

Kalamu Butu

Na watazamaji walijua. Hoja zake Farquhar alizichota kwa Milton, aliyeandika katikati ya karne ya 17 kwamba ndoa ya watu wasiopatana nyoyo haina haki ya kuitwa ndoa. Milton mshairi wa dini, anachotwa na mwandishi wa komedi, tena hoja zinawekwa kinywani mwa mwanamke aliyechoka. Mstari wa mwisho wa tamthilia unasema ridhaa inatosha kuwa sheria. Ni ndoto, hakuna hakimu wa 1707 ambaye angeigongea mhuri.

Bwana Tarumbeta

Hiyo naikubali. Ila niulize, Archer na Bibi Sullen wanaishia pamoja?

Kalamu Butu

Hasemi. Wanacheza ngoma mwishoni, basi. Kuna eneo la chumbani ambapo Archer amejipenyeza usiku na mama amekaribia kukubali, ghafla mtumishi Scrub anaingia akipiga kelele za wezi. Wezi wa kweli, wa Boniface. Mwandishi wa miaka ya 1670 angewaacha wamalize. Farquhar anakatiza, kisha anamfungulia Bibi Sullen mlango wa heshima. Mshairi Alexander Pope baadaye alimponda Farquhar kwamba mazungumzo yake ni ya utovu na ya hali ya chini. Ya hali ya chini ni sawa: akina Scrub, Cherry na Kite wanaongea kama watu wanaofanya kazi. Pope hakupenda. Goldsmith, Mwairishi mwingine wa Trinity, alipenda, mpaka kwenye komedi yake ya 1773 binti anayejifanya mhudumu anauliza kama hafanani na Cherry.

Chumvi ya Bahari

Na baada ya kufa, zilisafiri?

Kalamu Butu

Sana, hasa The Recruiting Officer. Jumba la Dock Street huko Charleston, South Carolina, lilifunguliwa nayo Februari 1736. Ila safari ninayoipenda ni ya Sydney. Tarehe 4 Juni 1789, sikukuu ya kuzaliwa mfalme, wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza waliicheza mbele ya Gavana Arthur Phillip. Koloni lilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu, chakula cha kupimiwa. Afisa Watkin Tench aliyekuwepo ameandika kuhusu kibanda cha wafungwa chenye kuta za udongo, yadi tatu nne za karatasi ya rangi, mishumaa ya bei rahisi kumi na mbili, na watazamaji sitini wenye nyuso za furaha. Ndiyo tamthilia ya kwanza inayojulikana kuchezwa Australia. Hebu fikirieni mahakimu wa Shrewsbury wakiigizwa na watu waliohukumiwa kweli na mahakimu kama wale.

Bwana Tarumbeta

Basi nimeshindwa, naisoma. Nianze na ipi?

Binti Kasiga

Anza na The Beaux' Stratagem. Inasomeka haraka, na Bibi Sullen hatakuacha.

Kalamu Butu

Mimi nasema aanze na The Recruiting Officer, kwa kuwa ndiyo aliyoibishia. Asome eneo la kwanza la sokoni kwa sauti, na akifika kwa mchimba makaa arudi hapa tuendelee pale alipoachia. Love and a Bottle aiache mpaka mwisho, na The Twin Rivals asiiguse kama hana muda.

Mzee wa Kona

Tarumbeta, mimi nimeshaanza jana usiku. Nimefika kwa Kite na wake zake watano, wewe uko wapi?